Utando mweupe wa kichanga unaorudi kila ukiacha dawa: hesabu ya mililita 28, na titi la mama

SWALI: "Shikamoo daktari. Mwanangu ana wiki saba. Nilijifungua kwa upasuaji, nikapewa antibayotiki. Alipofika wiki ya nne akatoka utando mweupe mdomoni, kwenye ulimi na ndani ya mashavu. Duka la dawa wakanipa nistatini ya maji, nikampa asubuhi na jioni, siku ya nne mdomo ukawa safi nikaacha. Baada ya wiki ukarudi. Nikanunua tena nikafanya hivyo hivyo, ukaondoka, na sasa umerudi mara ya tatu, na chuchu zangu zinawaka kila nikimaliza kumnyonyesha. Mama mkwe anataka tumsugue kwa kitambaa chenye chumvi halafu tumpake asali. Yeye mwenyewe ana kisukari na meno ya bandia, analalamika ulimi unamchoma, anasema kaambukizwa na mjukuu. Mume wangu ananiuliza chini kwa chini kama hii si dalili ya UKIMWI. Nifanyeje?"

Marahaba mama, na hongera ya mtoto.

Nianze na hesabu, maana kitendawili chako kimejificha humo. Nistatini ya maji ya watoto huwa na yuniti 100,000 katika kila mililita 1. Kwa kichanga kama wako, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika kwenye kliniki za watoto unataka mililita 1, mara 4 kwa siku, siku 7. Zidisha: dozi 28, mililita 28, karibu chupa nzima ya mililita 30. Wewe umempa mara 2 kwa siku 4, yaani dozi 8. Ukarudia, dozi 8 nyingine. Lakini 8 na 8 zilizoachana kwa wiki nzima hazifanyi 16, kwa sababu wiki ile ya katikati fangasi ilipata nafasi ya kuota upya kutoka kwenye mabaki ambayo macho hayakuyaona. Dawa haijashindwa kazi, imekatizwa. Na kama dukani ulipewa chupa ndogo, ya mililita 12 kwa mfano, hata ungefuata kipimo sahihi ingekwisha siku ya 3. Kwa hiyo kabla hujatoka dukani, soma ujazo kwenye lebo.

Kuna jambo la pili kuhusu nistatini ambalo watu wengi hawaambiwi: haiingii kwenye damu. Mtoto akiimeza inapita tumboni na kutoka ilivyoingia. Inaua fangasi inayoigusa tu, na kwa muda ule tu inapoigusa. Dawa ya malaria unaweza kuimeza popote ikaenda kukutafutia vimelea ndani ya mwili. Hii haitafuti. Ikidondoshwa katikati ya ulimi na mtoto akaimeza kwa sekunde 2, mashavu na fizi havijapata kitu. (Jina lake, kwa wapenda visa vya maneno, limetokana na Jimbo la New York: waliolitoa ni Elizabeth Hazen na Rachel Brown, watafiti wa idara ya afya ya jimbo hilo, waliotangaza dawa hiyo mwaka 1950 baada ya kuipata kutoka kwenye bakteria wa udongo.)

Kabla ya chupa ya tatu, hakikisha ni fangasi kweli. Mkalishe mtoto mahali penye mwanga, mwanga wa mchana ni bora kuliko tochi ya simu, shusha mdomo wa chini kwa kidole safi, kisha tazama ndani ya mashavu, fizi na kaakaa. Mabaki ya maziwa hukaa juu ya ulimi peke yake, yamesambaa sawasawa, na ukipitisha kitambaa laini chenye maji yanatoka. Fangasi huwa kama vipande vya maziwa mgando vilivyong'ang'ania, na haikai ulimini tu, utaiona kwenye mashavu, kwenye fizi, upande wa ndani wa midomo. Ukiifuta haitoki, au inatoka kwa shida na kuacha doa jekundu, wakati mwingine na damu kidogo. Damu ile inaeleza ugonjwa wenyewe. Kandida, hiyo fangasi, ikitulia mdomoni ni chembe ndogo za mviringo zisizo na madhara, na watu wengi wazima wanaishi nazo bila kujua. Ikipata nafasi huota nyuzi nyembamba zinazojichomeka kwenye ngozi laini ya kinywa. Ukisugua, unang'oa ngozi pamoja na nyuzi.

Kwa maelezo yako, mashavu kwa ndani na chuchu zinazowaka, inaelekea kuwa ni fangasi. Na nafasi iliipata wapi? Kichanga huzaliwa na kinywa ambacho bakteria wa kawaida hawajakaa sawasawa, na kinga yake ingali changa. Antibayotiki ulizopewa baada ya upasuaji huua bakteria lakini haziigusi fangasi, na kiasi fulani hupita kwenye maziwa. Shamba likifyekwa magugu ya aina moja, ya aina nyingine hujaa. Si uchafu wako, mama, wala maziwa yako si mabaya.

Sasa namna ya kumpa. Panga saa ambazo utaziweza: saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Mnyonyeshe kwanza, acheue, subiri kama dakika 10 ili asije akatapika dawa. Nawa mikono kwa sabuni. Tikisa chupa kwa nguvu, hata kama uliitikisa asubuhi. Nistatini ya maji ni unga ulioelea, hauyeyuki, na ukiacha kutikisa, dozi za mwanzo zinakuwa maji matamu na za mwisho uji mzito. Vuta mililita 1 kwa dropa yake, au kwa bomba dogo lisilo na sindano, ambalo mistari yake ni rahisi kusoma. Mshike mtoto kichwa kikiwa juu kidogo. Weka nusu mililita kwenye mfuko wa shavu la kulia, kati ya shavu na ufizi, halafu nusu iliyobaki shavu la kushoto, polepole, tone kwa tone. Kisha kwa kidole ulichokizungushia kipande cha shashi au kitambaa safi laini kilicholowa dawa hiyo hiyo, pitisha kwenye fizi, kaakaa la mbele na popote penye doa jeupe. Usifike nyuma ya ulimi, atajikaza na kutapika. Baada ya hapo asinyonye wala kupewa chochote kwa dakika 20 hadi 30. Akilia katikati, mbembeleze, mweke begani, ila titi lisubiri.

Makosa yanayoharibu dawa hii yanajirudia nyumba hadi nyumba. La kwanza ni kuichanganya kwenye maziwa ya chupa: nusu inabaki chupani, nusu inapita kama maji. La pili ni dropa iliyogusa mdomo wa mtoto kurudishwa ndani ya chupa ya dawa pamoja na mate yake. Mimina dozi kwenye kijiko safi kwanza, vuta kutoka kijikoni, na ukimaliza osha dropa kwa maji ya moto na kuiacha ikauke. La tatu ndilo lako, kuacha mdomo unapokuwa safi. Utaona mabadiliko siku ya 2 au ya 3, na hapo ndipo wazazi wengi huhifadhi chupa kabatini "kwa safari nyingine". Endelea mpaka siku 7 zitimie, na kama siku ya 7 doa la mwisho ndiyo kwanza limeondoka, ongeza siku 2. Dozi moja ikipita usiku kwa sababu mmelala wote, mpe inayofuata kwa saa yake, usimpe mbili kwa pamoja.

Lakini hata ukifanya yote hayo, mtoto akitoka kwenye dawa na kurudi kwenye titi lenye fangasi, mtakuwa mnapeana. Mtoto na titi hapa ni mgonjwa mmoja. Watibiwe siku moja, dozi kwa dozi, hata kama chuchu hazina alama yoyote ya kuonekana.

Kuhusu hilo la kuwaka, hata hivyo, nina tahadhari. Maumivu mengi ya chuchu yanayoitwa fangasi si fangasi, na wataalamu wa unyonyeshaji siku hizi wanalisema hilo kwa sauti kubwa kuliko zamani. Maumivu ya fangasi kwa kawaida huanza baada ya kipindi ambacho ulikuwa unanyonyesha bila shida, huja matiti yote mawili, huchoma baada ya mtoto kuachia na huweza kuendelea hata saa nzima. Chuchu inaweza kuwa na wekundu unaong'aa, au magamba madogo. Ikiwa maumivu ni makali pale anapoanza tu kushika, na akiachia chuchu inatoka imebanwa upande mmoja kama ncha ya kalamu iliyochongwa vibaya, tatizo ni ushikaji wa titi. Hapo krimu haitasaidia. Anahitaji kufungua mdomo wazi na kuingiza sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu, kidevu kikigusa titi. Titi moja likiwa na sehemu ngumu, nyekundu, yenye joto, nawe una homa, huo ni uvimbe wa titi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ikiwa ni fangasi, krimu ya mikonazoli ya asilimia 2 ndiyo chaguo la kwanza la wengi. Paka safu nyembamba sana kila baada ya kunyonyesha. Nyembamba maana yake ikishapakwa isionekane. Ikibaki inaonekana wakati wa kunyonyesha tena, ifute kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu, bila sabuni na bila kusugua. Ukikosa krimu, nistatini ile ile ya mtoto inaweza kupakwa kwenye chuchu na kuachwa ikauke. Endelea mpaka mtoto amalize dozi yake, na kwa kawaida titi huhitaji hadi wiki 2. Angalia sana jina kwenye tyubu. Maduka mengi huuza krimu za mchanganyiko, dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi yenye nguvu katika tyubu moja, na muuzaji atakwambia "hii ni kali, inamaliza yote". Usiweke hiyo kwenye titi analonyonya mtoto. Soma orodha ya viambato. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, hizo ndizo steroidi zenyewe, rudisha.

Maumivu yakizama ndani ya titi na krimu isipofua dafu baada ya wiki, daktari anaweza kukuandikia flukonazoli ya kumeza. Inaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Ila kidonge kimoja cha miligramu 150, kile kinachouzwa kwa fangasi ya ukeni, hakitoshi kwa titi, na kiasi kinachopita kwenye maziwa hakitoshi kumtibu mtoto. Kila mmoja na dawa yake.

Na usimwachishe kunyonya. Maziwa unayokamua kipindi hiki mpe yakiwa mabichi. Kuyagandisha kwenye friza hakuiui kandida, hivyo akiba ya sasa ukiitoa mwezi ujao unaweza kuurudisha ugonjwa. Kama anatumia chupa au chuchu ya bandia, chemsha kila kinachoingia mdomoni kwa dakika 10 kamili kuanzia maji yanapotokota, kila siku ya matibabu, na mwisho wa dozi tupa chuchu za zamani, ununue mpya. Kikombe kidogo na kijiko ni salama kuliko chupa, vinasafishika kila kona. Sidiria, vitambaa vya kuzuia maziwa na zile khanga za kumfutia cheuzi zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani, zipigwe pasi. Kitambaa cha maziwa kikilowa kibadilishe, kwani joto na unyevu ndivyo fangasi inavyovitafuta, hasa kwenu mnaoishi kwenye joto.

Mvue nepi pia utazame. Fangasi anayoimeza hutokea upande wa pili. Wekundu uliokolea ndani ya mikunjo ya mapaja, wenye vijipele vimetawanyika pembeni kama visiwa, ni kandida, na unahitaji krimu ya nistatini au klotrimazoli kwa wakati huo huo. Usitumie poda.

Nije kwa mama mkwe, maana hapo kuna nusu haki. Kitambaa cha chumvi kimo hata kwenye mwongozo wa kliniki: kitambaa safi laini, kilicholowa maji yaliyochemshwa yakapoa na chumvi kidogo, kupangusa mdomo taratibu kabla ya kuweka dawa. Mwambie hivyo, atafurahi, na mpe kazi hiyo mara nne kwa siku. Neno "kusugua" ndilo liondoke. Anayesugua mpaka utando utoke anaacha kidonda wazi, mtoto anakataa titi kwa maumivu, na fangasi inaota juu ya kidonda kile kile. Asali haina mjadala: mtoto chini ya mwaka 1 haipewi, hata ya kupaka kwa ncha ya kidole. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambao utumbo wa kichanga hauwezi kuwazuia, na sumu yao hulegeza misuli mpaka ya kupumulia. Ndimu, magadi na majivu viache jikoni.

Nina wasiwasi mwingine ambao hukuuliza. Ukitazama fizi au kaakaa ukaona vijipunje vyeupe vigumu, vya mviringo kama lulu, visivyotoka kabisa, hiyo si fangasi wala si "meno ya plastiki". Ni vifuko vidogo vya kawaida kwa vichanga na huondoka vyenyewe ndani ya wiki chache au miezi. Kuna wanaoishi kwa kuchokoa fizi za watoto kwa waya au kisu wakidai kuyang'oa meno hayo, na kuna wakata kimeo. Wanachoacha ni damu, maambukizi, pepopunda, na mara nyingine mtoto aliyekuwa na utando wa kutibiwa kwa chupa moja ya dawa hupoteza maisha. Hata akishauri mtu mnayemheshimu, fizi za mtoto zisikatwe.

Ile dawa ya zambarau, GV, bado iko kwenye miongozo pale nistatini inapokosekana, na inafanya kazi. Shida ni nguvu yake. Mdomo wa kichanga unataka asilimia 0.25, na chupa za dukani huwa asilimia 0.5 au 1. Ya 0.5 changanya kijiko 1 na kijiko 1 cha maji yaliyochemshwa yakapoa, ya 1 kijiko 1 kwa vijiko 3. Ikipakwa bila kuchanganywa, au siku nyingi kupita zilizoagizwa, inatoboa vidonda mdomoni, na vidonda hivyo hudhaniwa ni fangasi imezidi, ikapakwa zaidi. Canada ilitoa onyo mwaka 2019 dhidi ya dawa hii kwa sababu ya majaribio ya wanyama yaliyoihusisha na saratani, kwa hiyo mimi ningeiweka ya mwisho, siku zisizozidi 7, na isipakwe kwenye titi lenye mpasuko. Khanga ikiguswa nayo, hiyo imekwisha, doa halitoki.

Kuna pia jeli ya mikonazoli ya mdomoni. Ni nzuri, kwa watoto wengi inasafisha haraka kuliko nistatini, lakini inanata. Tonge lake likiteleza nyuma ya koo la kichanga linaweza kuziba njia ya hewa, na ndiyo maana Uingereza jeli hiyo haijaidhinishwa kwa walio chini ya miezi 4, na kwa waliozaliwa njiti hukawizwa zaidi. Wako ana wiki 7. Usiinunue mwenyewe. Daktari akiiandika kwa sababu maalumu, inapakwa kidogo kidogo kwa kidole sehemu ya mbele tu, kamwe si kwa kijiko na kamwe si kwenye chuchu kabla ya kunyonyesha.

Swali la mume wako lijibiwe wazi, lisinong'onwe. Utando mweupe katika miezi ya mwanzo huwapata watoto wengi wenye afya tele, na peke yake si dalili ya VVU. Kinachomfanya mhudumu aulize ni utando unaodumu au kurudi baada ya wiki 6 hadi 8 za mwanzo licha ya dawa iliyotolewa ipasavyo, unaoshuka kooni, au unaoambatana na kutoongezeka uzito, nimonia, kuharisha kusikoisha. Wako bado hajapata dawa ipasavyo, kwa hiyo hajafika huko. Hata hivyo, fungua kadi yako ya kliniki. Ulipimwa ujauzito ulipoanza? Ulirudiwa karibu na kujifungua au baada yake? Kama kipimo cha mwisho ni cha miezi mingi, nendeni wewe na mume mpimwe wiki hii, mmalize swali. Mkiwa hasi wote na hakuna hatari mpya ya karibuni, mtoto hana pa kuyatoa maambukizi hayo. Na ikitokea wewe ni chanya, mtoto hapimwi kwa kile kipimo cha haraka cha kidoleni peke yake, kwa sababu kabla ya miezi 18 kinaweza kusoma kingamwili zako ndani ya damu yake. Anachukuliwa tone la damu la kisiginoni, likakaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara kutafuta kirusi chenyewe. Kipimo hicho hufanywa kuanzia wiki ya 4 hadi ya 6, na dawa zipo.

Mpeleke kituoni bila kungoja siku 7 ukiona anakataa kunyonya au ananyonya kisha anaachia akilia, mate yanamtoka kuliko kawaida, nepi zinakaa kavu, utando umeshuka nyuma ya koo, au pumzi zinafika 60 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Joto la kwapani likifika 37.5 kwa mtoto aliye chini ya miezi 2 ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana, fangasi au si fangasi. Na kama siku 7 kamili za dozi 28, pamoja na titi kutibiwa, zimepita na madoa yapo, rudi umwambie daktari hesabu yenyewe: dozi ngapi, mililita ngapi, uliziweka wapi. Hapo ndipo flukonazoli ya maji kwa uzito wa mtoto huingia. Usikate kidonge cha mtu mzima nyumbani ukakisia.

Bibi hakuambukizwa na mjukuu. Sukari ikiwa juu, mate yake yana sukari na mdomo unakauka, na meno ya bandia yanayolaliwa usiku huipa kandida joto na unyevu. Avue meno, atazame kaakaa: wekundu wenye umbo lile lile la bamba la meno, au mipasuko kwenye pembe za midomo, ndiyo alama. Alale bila meno. Ayapige brashi kwa sabuni ndani na nje, kisha ayaloweke kwenye klorheksidini (dawa ya kusukutulia inayoua vijidudu) ya asilimia 0.2 kwa dakika 15 mara 2 kwa siku, ayasuuze vizuri. Nistatini kwake ni mililita 4 hadi 6, mara 4 kwa siku, meno yakiwa nje, aizungushe mdomoni kadiri awezavyo kisha ameze. Klorheksidini na nistatini ziachane walau nusu saa, zikikutana zinaharibiana. Bila sukari kushuka, ataitibu kila mwezi.

Jambo moja kwake ni la hatari. Kama anameza glibenklamidi au dawa za jamii hiyo kwa ajili ya kisukari, jeli ya mikonazoli na flukonazoli zinaweza kuishusha sukari ghafla, na kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, zinaweza kumvujisha damu, hata jeli ya kupaka. Aende na pakiti zake zote za dawa kwa mfamasia kabla ya kununua. Na ikiwa ulimi unachoma huku hakuna utando wala wekundu, apimwe damu na vitamini B12, hasa kama ametumia metformini, dawa nyingine ya kisukari, kwa miaka mingi, kwani huipunguza vitamini hiyo taratibu.

Ambebe mjukuu wake kama kawaida. Ila chuchu ya bandia ikianguka chini, asiisafishe kwa kuilamba.